Tundu Nyuma ya Jicho

Marikiti, Jumamosi ile, sakafu bado majimaji.
Bi Mwanamkuu alikuwa amemlaza taa juu ya saruji,
taa asiyewaka, bapa kama mkeka wa mtoto,
mkia ushakatwa.
Nyuma ya kila jicho kulikuwa na kitundu
cha kutosha punje ya kunde.
Nikauliza: hiki chaitwaje?
"Hicho? Tundu." Akafuta kisu lesoni.
Tundu ya nini?
"Ya kutwetea. Yuwalala mtangani, kanwa liko chini,
akivutia huko si atajaa mtanga?
Basi kapawa ndia ya juu, nyuma ya mato.
Nikukatie vipande vingapi?"

Vinne, nikasema.
Lakini sikuwa nikitaka vipande. Nilitaka jina.

Mwaka wa tisa huu nafundisha baiolojia, Tudor,
na kila muhula naufikia ukurasa huo mikono mitupu.
Tuna pua, kwa wenye uso.
Tuna mianzi ya pua, miwili,
kana kwamba pumzi ni maji ya mvua yateremkayo paani.
Tuna matamvua, na hilo nalipenda:
neno moja kwa shali ya nyanya yangu na kwa shavu la tasi,
nyuzi nyekundu zinazoning'inia,
samaki kavaa pumzi yake pindoni.
Lakini mende?
Mende hana pua. Ana matundu ubavuni, jozi kumi,
yamepangwa kama vifungo vya kanzu,
na ukimkata kichwa ataendelea kuvuta hewa
siku kadhaa, bila haya.
Kwa hayo tumeazima "spirakeli",
neno lenye sauti ya kipuri,
unaloweza kwenda kuliulizia bei Mwembe Tayari.

Kwenye mtihani wa Juni Mishi Bwanakombo aliandika:
*Mende hupumua kwa vipumlio vya ubavuni.*
Nikapiga mstari mwekundu. Pembeni: Hakuna neno hili.
Sifuri.

Jumanne usiku Twalib alishikwa na pumu.
Kipampu kilikuwa kimekwisha. Nilikitikisa,
kikanijibu kwa ukavu.
Ndani ya tuktuk, kuelekea Makadara, nilimfungua shati
na kila taa ya barabarani ilipotumulika niliona
nyama ya katikati ya mbavu ikibonyea ndani,
vishimo, jozi baada ya jozi,
vikitafuta kile ambacho pua ilishindwa kuleta.
Mwanangu wa miaka sita alikuwa akipumua kwa mbavu.
Nilivihesabu. Mungu anisamehe,
nilivihesabu kama mwalimu.

Dereva hakusema neno. Alizima redio tu,
akapita taa nyekundu, kisha ya pili.

Nesi akamvika barakoa ya mvuke.
Saa tisa akapata usingizi, mdomo wazi,
na vile vishimo vikafumba, kimoja kimoja,
mpaka ubavu ukawa ubavu tu, wenye kovu la tetekuwanga.

Karatasi za mtihani zilikuwa bado mkobani,
zimenuka samaki tangu Jumamosi.
Pale kwenye benchi nikaitafuta ya Mishi.
Nikakata sifuri, nikampa alama zake mbili
na yale maneno ya pembeni nikayafuta
kwa kuyachora mpaka karatasi ikatoboka.
Nilitaka pia kumsahihishia tahajia,
vi-pu-mu-lio, kuirudisha ile *u* aliyoiruka.
Kalamu ikafika, ikasita.
Nikaiacha. Neno la kupumulia,
acha liwe na tundu lake.